Sharifu Aliyepanda Nyumbu

Mtu amekaa kinyumenyume juu ya nyumbu, uso ameuelekeza mkiani, kofia imemshuka hadi puani, nyota ya bati inamning'inia kifuani. Nilikuwa nimeiinamia picha hiyo juu ya kasha la diski katika duka moja dogo nyuma ya majengo ya nguo ya Guangyuan Xilu. Mvua ilikuwa ikipiga turubai la mlangoni, na nje wachukuzi walipita wakiburura marobota yao kwenye maji. Maandishi yote ya kasha lile yalikuwa ya Kichina. Lakini mtu yule nilimjua kama ninavyomjua ami yangu.

"Laoban," nilimwita mwenye duka, maana ndivyo tulivyowaita matajiri wote kule, wakubwa kwa wadogo. "Hii ni nini?"

"Mchezo wa zamani wa Marekani," alinijibu kwa Kiingereza cha kuokoteza, bila kuinua uso kutoka kwenye bakuli lake la tambi. "Wa zamani sana. Hakuna anayeutaka."

Niliununua pasi na kubishana bei. Ilikuwa mwaka 2006, biashara imechanganya, na mimi nilishakaa Guangzhou muda wa kutosha kujua kwamba asiyebishana bei anachekwa. Alinicheka kweli. Nikatia kasha kwenye mfuko wa nailoni, nikatoka mbio mvuani.

Baba yangu, Mzee Msabaha, alikuwa chumbani kwangu Sanyuanli, ameketi kando ya dirisha ambalo halikumfaa kitu. Nilikuwa nimemleta kutoka Unguja ili atibiwe macho. Yote mawili yalikuwa yameingia mtoto wa jicho, tena kwa kuchelewa mno. Jicho la kushoto lilipasuliwa, tukangoja, likafunguliwa, na baba akasema kwa sauti ya upole, kama anayemliwaza mtu mwingine, "Giza, mwanangu." Daktari alieleza kwamba lile lilikuwa limeshakufa kwa ndani, lakini la kulia bado lina matumaini. Baba akakataa kuguswa.

"Hili la kulia linanionesha mwanga," aliniambia. "Asubuhi ikifika najua ni asubuhi. Nikilitoa nalo likaenda kama mwenzake, nitabaki na nini? Nirudishe kwetu."

Nilimpigia simu mdogo wangu Rahim, aliyeko Unguja. Naye akasema, "Dada, usimlazimishe. Mrudishe." Nikaanza kutafuta tiketi. Baba hakuwa na hasira. Alikuwa amenyamaza tu, na kunyamaza kule nilikuwa nimewahi kukuona mara moja maishani, nikiwa mtoto.

Ni ule mwaka aliokufa mama. Mama yangu, Bimkubwa, alifariki kwa homa, mimi nikiwa darasa la nne na Rahim hata shule hajaanza. Tulikuwa tukikaa Kikwajuni. Baba alikuwa akifanya kazi bandarini wakati ule. Zamani, kabla ya Mapinduzi, aliwahi kuwa mpishi kwa Mwingereza mmoja. Baada ya msiba hakutaka maneno. Alitupikia, alituogesha, alitufulia, kimya kimya. Rahim naye hakulia. Tangu maiti kutoka nyumbani hakutoa chozi, na usingizi ukamhama. Wanawake wa mtaani wakawa wanamtazama na kutikisa vichwa.

Televisheni ilikuwa kitu kipya Unguja. Pale mtaani iliwekwa moja katika ukumbi, na jioni watu walijaa, watoto chini sakafuni, wakubwa kwenye mabenchi. Baba akaanza kutupeleka. Nadhani alitaka tu mahali penye kelele ambazo si zake.

Hapo ndipo alipotokea yule mtu wa nyumbu. Ulikuwa mchezo wa kuchekesha, wa nchi kavu ya vumbi, wenye bastola nyingi zisizoua mtu. Askari wa mji ule alikuwa mwoga, mrefu, hajui kupanda farasi, na nyumbu wake alimtupa kwenye birika la kunyweshea wanyama kila wiki. Wenzake walimwita "Sheriff", nasi tukasikia Sharifu, mtu wa ukoo wa Mtume. Ukumbi mzima ukampa heshima yake. Akitokea tu, utasikia, "Huyo, Sharifu kaja!" Bibi mmoja jirani yetu alikuwa akikasirika anapotupwa majini. "Hawaoni haya," alikuwa akisema, "Sharifu mzima kumdhalilisha kwa mnyama."

Lakini walikuwa wakisema kwa Kiingereza, tena cha puani, na hakuna aliyekuwa akiambulia kitu. Siku moja mtu akageuka na kusema, "Msabaha si kakaa na Wazungu? Msabaha, hebu tuambie, wanasemaje?"

Baba alisita. Kisha, kwa mara ya kwanza tangu msiba, nikaisikia sauti yake ikitoka kwa nguvu.

"Anasema," akaanza, "nani kala siagi yangu?"

Ukumbi ukaangua kicheko. Kiingereza cha baba kilikuwa cha jikoni, na kila alichokifasiri kilikuwa na harufu ya jikoni. Majambazi waliofunika nyuso kwa vitambaa waligombea kuku wa kuoka. Waliovamia garimoshi walikuwa wakitafuta chumvi. Watu walicheka hadi wakashika mbavu, na tangu siku ile wakamwekea baba kiti chake mbele, karibu na kioo.

Palikuwa na mwanamke katika mchezo ule. Alikuwa na nyumba ya wageni, mnene kidogo, kajifunga kitambaa kiunoni, na kila mara alitoka barazani na upawa mkononi akipiga kelele. Alipotoka yeye, baba alibadilisha sauti. Hakuchekesha tena. "Njooni mle," alisema, "wali unapoa. Wewe mdogo, usilale hujanawa miguu. Na wewe mkubwa, mshike mwenzio mkono, njia ina giza."

Watu walinyamaza kidogo, kisha wakaendelea kucheka na mengine. Mimi na Rahim tulimpenda mwanamke yule kuliko Sharifu. Tukirudi nyumbani, Rahim alikwenda mwenyewe kwenye ndoo, akanawa miguu, akapanda kitandani.

Kisha mchezo ukakatika. Wiki moja tulikwenda, na mahali pake pakawa na ngoma na hotuba. Wiki iliyofuata hivyo hivyo. Mtaa mzima ulimlaumu yule bibi jirani, wakasema kapeleka mashtaka kwa wakubwa kwa ajili ya Sharifu wake. Alifariki na lawama hiyo.

Haya yote nilikuwa nimeyachukua moyoni miaka mingi, na nilipowasimulia watu, hata Wazanzibari wenzangu wa Guangzhou, walinikatalia. "Hakukuwa na mchezo kama huo, Shifa. Umeota." Rahim alikuwa mdogo mno, alikumbuka birika la maji tu. Nami nikafika mahali pa kudhani niliota.

Kwa hiyo niliingia chumbani nimelowa chapachapa, nikaitia diski kwenye mashine bila kusema kitu. Muziki ukaanza, ule wa kupiga mluzi na kinubi cha nyuzi kavu. Baba aliinua kichwa. Mkono wake uliokuwa ukivuta tasbihi ukasimama.

"Alaa," alisema. "Sharifu!"

Nikakaa chini miguuni pake, karibu na kioo, nikaanza kumwambia ninachokiona. Sasa anatoka jela, kasahau funguo ndani. Sasa nyumbu anamtazama. Sasa, baba, sasa! Na maji ya birika yaliporuka baba akacheka, kifua kikatikisika, machozi yakamtoka kwenye macho yote mawili, linaloona na lisiloona.

Jirani yangu Larissa, mfanyabiashara wa Lubumbashi aliyepanga chumba cha pili, akafungua mlango na sahani ya ndizi mkononi. "Ya Shifa, ni nini? Papa anacheka!" "Ya" kwao ni dada mkubwa, na "Papa" ni baba; alikuwa amezoea kumkuta kimya. "Munaangalia nini?" Naye akakaa kitandani. Aliligeuza kasha huku na huku, akahesabu diski ndani, akashangaa. "Ni kidogo tu hivi? Basi hata kwao Marekani haikukawia."

Maskini yule bibi jirani, nilijisemea. Tulimlaumu bure.

Ndipo mwanamke wa nyumba ya wageni akatoka barazani na upawa. Mimi sasa Kiingereza nilikuwa nakijua, kwa sababu ndicho kilichokuwa kikinilisha. Nikafungua mdomo nimfasirie baba, nikaufunga. Mwanamke yule alikuwa akimfukuza Sharifu. Alisema, ondoka barazani kwangu, wewe na mnyama wako anayenuka, kabla sijakuvunja kichwa. Akaingia ndani, na ndani walikuwamo majambazi, naye ndiye mkubwa wao.

"Katoka yule mama?" baba aliuliza.

"Katoka."

"Anasema," baba akafasiri, "njooni mle, wali unapoa."

Nilizima sauti. Larissa alitutazama, akaweka sahani mezani taratibu, akatoka na kutufungia mlango.

"Baba," nilisema, "hasemi hivyo."

"Najua."

"Ulijua?"

"Nilijua tangu siku ile ile. Lile neno la kumfukuza mtu nililijua vizuri sana, nilikuwa nikiambiwa mimi." Akavuta punje moja ya tasbihi. "Rahim alikuwa halali. Akikaa kitako mlangoni, anangoja. Nikimwambia kalale, sauti yangu haimwingii. Kwani mie nilikuwa nani? Aliyezoea kuwalaza alikuwa mama yenu. Basi nikamwona yule mama kajifunga kiunoni vile, kashika upawa vile, nikasema acha awaambie yeye."

Nilijisogeza karibu na magoti yake.

"Na mchezo ulipokatwa," akaendelea, "Rahim alilia. Unakumbuka? Alilia njia nzima kutoka ukumbini, nimembeba, shati langu likalowa. Watu wakadhani namwadhibu. Nami nilikuwa nashukuru Mungu. Mtoto kalia, nikasema. Sasa atapona."

Nilikumbuka. Nilikuwa nikitembea nyuma yao, na nilimwonea aibu mdogo wangu, mtoto wa kiume kulilia televisheni. Nilikilaza kichwa changu kwenye goti la baba kama mtoto mdogo, mimi mwanamke wa makamo ninayesukumana na wanaume kwenye maghala ya Shahe. Aliweka mkono kichwani pangu, juu ya ushungi uliolowa.

"Una homa?" aliuliza.

"Mvua tu."

"Shifa, na zile nyingine zote za wakati ule, zimo humo?"

"Zimo."

"Basi tutasikiliza moja moja, mpaka siku ya safari."

Pengine ningeliacha hapo. Kila kitu kilikuwa kitamu na kimetulia, na tiketi nilikuwa nimeshaahidiwa na wakala. Lakini nilijiona nikikaa kila mwaka kwenye simu, nikimweleza mambo, nikimwelezea hata uso wangu, na nikashindwa.

"Baba, mimi sitaki uone televisheni," nilisema. "Hilo naweza kukusimulia mpaka nife. Nataka unione mimi. Nimeondoka nyumbani macho yako mazima, nimerudi yamefifia, na tangu hapo hujanitazama. Mimi pia sina mama."

Mvua ilikuwa imepungua, na chini barabarani mwanamke alikuwa akitangaza kwa kipaza sauti mapera yaliyomenywa, maneno yale yale, yale yale. Baba alimsikiliza muda mrefu, kama vile akitaka kujua anasemaje.

"Huyo daktari," aliuliza mwishowe, "ni yule mwenye mikono baridi?"

"Yule yule."

"Mwambie nitakuja. Lakini aipashe moto kwanza."

Nilimpeleka. Siku ya kufungua kitambaa Larissa alikuja pia, kavaa kitenge chake cha kanisani, anasali kwa Kifaransa pembeni ya mlango. Rahim alikuwa kwenye simu, nimeishika mkononi, namsikia anahema. Daktari alifungua tabaka moja baada ya jingine, akamfuta baba kope, akarudi nyuma.

Baba alipepesa. Jicho lile lilizunguka chumba, likapita juu ya daktari, juu ya Larissa, likaja kwangu na kusimama. Akanyoosha kidole, akanigusa paji la uso pale ushungi ulipoishia.

"Una mvi," alisema.

"Ninazo, baba."

"Nyingi. Mbona hamkunambia?"

Rahim alikuwa akiita kwenye simu, "Kasemaje? Dada, kasemaje?" Larissa akanipokonya simu na kuanza kumwelezea kwa Kiswahili chao, huku analia.

Jicho lile lilimtosha baba hadi mwisho wa umri wake. Alirudi Unguja, akaishi, akawaona wajukuu wake wote, watoto wa Rahim, na alipofariki nilikuwa nimeketi kando yake.

Lakini siku ninayoirudia mara nyingi ni ya pili yake baada ya kufunguliwa kitambaa, kabla hajasafiri, alipotaka nimpeleke mahali ninapofanya kazi. Tulikwenda mpaka Guangyuan Xilu. Nilitaka kumwingiza ndani kwenye ubaridi, akakataa, akakaa kwenye ngazi za nje za jengo la nguo, fimbo katikati ya magoti. Mbele yetu walipita wachukuzi, wasichana wenye masanduku, Wanigeria wanaogombana na dereva, mzee wa Kichina aliyebeba ndege ndani ya tundu. Mara kadhaa nilifungua mdomo kumweleza, kwa mazoea. Kisha nikanyamaza, nikakaa karibu naye, nikamwacha atazame.