Simenti ya Kaburi

Hilaire, mume wangu, alinunua bakuli la choo katika soko la Kikula akiwa tayari mgonjwa. Alikuja nalo nyumbani nyuma ya pikipiki, amelipakata kama mtoto. Alitaka mama yake, Mama Germaine, aache kwenda kwenye choo cha shimo nyuma ya nyumba, maana magoti yake yalikuwa yamekataa kuchuchumaa. Hilaire mwenyewe alikuwa anambeba wakati wa mvua, hata homa ilipokuwa inamtetemesha.

Alikufa kabla ya kulifunga. Watu walimaliza matanga wakarudi kwao, na bakuli likabaki barazani.

Siku Mama Germaine alipoanguka kwenye matope, nilimwita Arsène, fundi wa mabomba. Alipiga magoti ndani ya chumba cha kuogea, akaangalia, akacheka.

"Mama, hii tiyo banani baliweka hapa? Iko juu sana! Mavi haiwezi kupanda mulima."

Alisema kweli. Nyumba yetu ni ya zamani, ya wafanyakazi, imeshikana ukuta na ya jirani. Tiyo yenyewe ni bomba la chuma linalopita nje likichukua uchafu wa nyumba zote mbili, na mdomo wake unaingia kwetu chini kidogo ya goti. Bakuli likikaa sakafuni, uchafu hautafika kwenye bomba. Arsène aliogopa kuvunja bomba lile. Limekula kutu, lingepasuka tungenuka sisi na jirani pia.

"Kama tiyo haiwezi kushuka," nikamwambia, "basi WC ipande."

Akaelewa. Tungejenga jukwaa la tofali, na mbele yake ngazi moja pana, na chuma ukutani cha kushika.

"Simenti iko?"

Ilikuwepo chumbani kwangu. Familia ya Hilaire ilikuwa imeleta mifuko ya kujengea kaburi lake kabla ya siku ya kumaliza kilio, levée de deuil, ambayo huja muda baada ya matanga. Kwao, simenti ya marehemu haiguswi kwa kazi nyingine mpaka kaburi liishe. Arsène alipoona ni ile, akarudi nyuma.

"Apana, mama. Minye siwezi. Bantu batasema Arsène alikula kaburi ya muntu."

"Basi nitagusa minye."

Nikachukua kisu cha jikoni nikapasua mfuko. Nilimimina mchanga, nikamimina maji, nikaanza kukoroga. Arsène akachukua mwiko wake.

Jukwaa lilikuwa bado bichi Constantin alipoingia. Ni kaka mkubwa wa Hilaire; mimi humwita yaya, naye huniita belle-sœur, shemeji. Jirani alikuwa amempigia simu.

"Belle-sœur! Simenti ya mudogo yangu unaweka mu WC?"

"Ndiyo, yaya."

"Hauna haya? Siku ya levée de deuil bantu bataona nini? Udongo?"

"Bataona udongo na musalaba. Hilaire iko chini yake."

"Na carrelage, bile vigae tulisema tutaweka ku kaburi? Familia yote itachekwa!"

"Bacheke. Wakati Hilaire alikuwa anabeba mama mu mvua, ile familia yote ilikuwa wapi?"

Akamgeukia Arsène. "Weye, toka!"

"Arsène, endelea," nikasema.

Constantin akainua kiatu apige tofali za ngazi. Nikasimama mbele yake, miguu yangu ndani ya simenti.

"Bomoa, yaya. Lakini mvua ikinyesha leo, weye utabeba mama. Na kesho pia. Weye mwenyewe, hapana kutuma muke yako."

Mama Germaine alikuwa amesimama mlangoni, matope yamekauka kwenye kitenge chake. Constantin alimwangalia, akashusha mguu. Kisha akaita pikipiki, akapakia mifuko iliyobaki.

"Familia itakuhukumu," alisema.

"Banijulishe siku. Nitakuja."

Jukwaa lilipokauka, Arsène alipandisha bakuli. Shingo ya bakuli iliingia kwenye mdomo wa bomba, ikiinama kidogo kama inavyotakiwa. Mama Germaine alipanda ngazi taratibu, ameshika chuma. Nilitaka kumsaidia kukaa.

"Toka, Carine," akasema. "Minye haiko mutoto."

Akafunga mlango mwenyewe. Nilisimama nje mpaka niliposikia maji yanashuka. Hapo nilimlilia Hilaire, kwa mara ya kwanza bila watu kunihesabia machozi.

Familia imeniita Jumapili, baada ya misa. Wanasema nimemwibia marehemu. Nitakwenda na nguo yangu nyeusi, na wakiniuliza simenti iko wapi, nitawaambia waje waikalie.