Nzuri Zangu Elfu Moja na Mia Nne

Usiku wa kuamkia leo niliota nimesimama ubalozini, suti ya kuazima imenikaa vizuri, kwenye foleni ya watu wa visa ya kazi. Foleni ilikuwa na mtu mmoja, mimi. Hata hivyo nilikuwa wa thelathini na saba.

Mkononi nina barua ya ajira. Kampuni ya nchi moja ya baridi inataka fundi wa vigae kwa miaka miwili, na fundi huyo ni mimi, Hamdani wa Muheza. Sikubahatisha. Sakafu zangu ukizigonga, hakuna kigae kinacholia utupu. Kilichobaki ni visa tu.

Ukutani kuna kanuni moja, kwa herufi kubwa: MWOMBAJI AKITOA TAARIFA YA UONGO, OMBI LAKE LITAKATALIWA. Naisoma, natabasamu. Mimi nimewahi kumwambia tajiri mwenye ghorofa, mbele ya mke wake, kwamba rangi aliyochagua ni ya choo cha stendi.

"Wa thelathini na saba!"

Dirishani hakuna mtu. Kuna mashine ya alama za vidole, na juu yake amekaa muhuri wa mbao mwenye mpini mweusi na miwani.

"Weka vidole," inasema mashine.

Naweka. Mashine inavinusa.

"Hapa hamna mtu," inamwambia muhuri. "Kuna saruji tu."

"Hivyo ni vidole vya fundi," nasema. "Miaka tisa nashika saruji, mistari imefutika. Mkitaka vidole laini, ajirini karani."

"Punguza moto, bwana mdogo," anasema muhuri. "Asiyesomeka vidole husomwa na mtu wake. Una mtu?"

"Ninaye. Dada yangu Mwanakombo, yuko Handeni. Wazazi walituacha wawili tu."

Muhuri anajigonga mezani mara tatu. Ndivyo anavyopiga simu. Sauti ya dada inatoka kwenye dari.

"Mama, habari za ndugu yako?" anauliza muhuri.

"Nzuri tu, mwanangu. Hajambo kabisa."

"Umejuaje?"

"Si kaniambia mwenyewe!"

Muhuri anavua miwani, anaifuta, anaivaa tena. "Usikate, mama. Leteni gunia."

Linaletwa gunia. Ndani yake zimo nzuri zangu zote. Kila nilipoulizwa habari nikajibu nzuri, kumbe kuna mtu aliiokota akaitunza. Ziko elfu moja na mia nne. Kila moja ni kubwa kama punje ya mahindi, ina miguu miwili, na imechana nywele.

Ukumbi sasa ni bafu la nyumba niliyoitilia vigae mwaka jana. Hakuna anayeshangaa. Nzuri zinajipanga sakafuni.

"Msikanyage maungio, hayajakauka," naziambia. Zinasimama kwa ncha za vidole.

Moja inajitokeza mbele. "Mimi ni Nzuri ya tarehe tisa Machi, saa saba mchana. Dada yake alipiga simu akauliza, 'Habari za huko, mdogo wangu?' Huyu alikuwa chini, malaria siku ya nne, hana wa kumpa maji. Akanitoa mimi."

"Ni kweli?" anauliza muhuri.

"Hiyo ni salamu!" nasema. "Kwetu mtu akikuuliza habari, unasema nzuri. Hata msibani tunasema nzuri kwanza, ndipo tunataja aliyekufa."

"Haya. Baada ya nzuri ukataja nini?"

"Nikasema simu inaisha chaji."

"Ilikuwa na asilimia themanini," inasema nzuri moja nene huko nyuma, na zote zinacheka.

Nyingine inanyoosha mkono. Hii imevaa kofia. "Mimi ni ya Idi. Dada aliuliza amekula na nani. Akasema wamejaa hata pa kukaa hakuna. Hapakuwa na mtu. Mimi niliona vizuri, nilikuwa mdomoni."

Nainyoosha suti. Wakitaka habari, nitawapa habari. Nawashushia beti mbili nilizotunga mwenyewe, vina vya kati na vya mwisho vimekaa mstari mmoja kama vigae.

Muhuri anasikiliza hadi mwisho, kichwa kimeinama.

"Mizani zimetimia," anasema. "Habari haijatimia. Kila mstari una simba. Wewe uko wapi?"

"Simba ndiye mimi."

"Simba haombi visa."

Ndege imeegeshwa kando ya sinki, injini inanguruma. Rubani anachungulia dirishani. "Oya, anapanda au hapandi?"

"Tunamsubiri aseme," anajibu muhuri. Kisha ananigeukia, na sauti yake imepoa. "Nauliza mara ya mwisho. Hapo juu dada yako anasikia. Hamdani, habari zako?"

Nzuri nyingine inajitengeneza kwenye ulimi. Naihisi inachana nywele. Naimeza. Inashuka vibaya, kama kidonge bila maji.

"Nakula nimesimama," nasema. "Tangu nihamie kile chumba. Nina viti viwili. Nikikaa kwenye kimoja, cha pili kinanitazama. Kwa hiyo nasimama dirishani na sahani mkononi, kama mtu mwenye haraka. Sina haraka yoyote. Naenda huko mbali kwa sababu huko nikiwa peke yangu, itajulikana ni kwa nini."

Rubani anazima injini.



"Hii ni ya kweli," anasema muhuri. "Imepita." Akaruka juu, akashuka kwa kishindo.

Nikaamka.

Jua lilikuwa limeshaingia ndani. Miadi yangu ya kweli ubalozini ni leo saa nane mchana. Nikashika simu nitazame saa, nikakuta ujumbe wa dada, wa alfajiri.

"Mdogo wangu, leo kabla hujaenda ubalozini kaa kwenye kiti ule. Usile umesimama. Na habari zangu si nzuri. Shemeji yako aliondoka tangu Februari, nilikuficha."

Hakuna binadamu niliyewahi kumwambia habari ya viti.

Nikapiga. Akapokea mlio wa kwanza. Hakuna aliyesalimia.

"Umekaa?" akauliza.

Nikavuta kiti.