Droo Sita za Fukusi

Polisi aliyelinda kizuizi cha barabara ya kuingia mjini alitupa dakika ishirini na tano.

"King'ora kikilia, acheni kila kitu mrudi," alisema. "Sitawafuata huko."

Binamu yangu Verlene Meade alikuwa amekwisha kupanda lori. Kwa miaka kumi na tisa alikuwa mtunza wadudu waliokaushwa katika jumba dogo la makumbusho pale Plymouth, mji mkuu wa kisiwa chetu, mpaka mlima wa volkano ulipoamka na mji mzima ukahamishwa. Wadudu wake walibaki. Miongoni mwao alikuwemo fukusi mmoja mweusi, mdomo mrefu kama sindano, aliyemwokota mwenyewe msituni juu ya kijiji cha Gages. Hakuna aliyepata mwingine. Makumbusho ya ng'ambo yalimwomba mara tatu, akakataa mara tatu.

Majivu yalikuwa yamefika kwenye vizingiti vya madirisha. Mlango haukusogea, nikavunja kioo kwa jeki ya lori tukaingia. Paa lilikuwa linalia kwa uzito.

"Verlene, unalisikia hilo?"

"Nalisikia. Shika droo nitakazokupa."

Droo mbili za kwanza zilikuwa vumbi tupu. Vijidudu vya kabatini vilikuwa vimewala wenzao, vikaacha pini zimesimama na vibandiko vyake. Akazisukuma kando. Ya tatu, ya nne na ya tano nikazipakia lorini. Ya sita, ya yule mweusi, ilikuwa imevimba kwa unyevu, haitoki.

King'ora kikalia.

"Twende."

"Nipe bisibisi."

"Dada, mlima unashuka!"

"Basi nipe upesi."

Nilimshika mkono nimvute. Akaniangalia tu, mkono wa pili bado uko kwenye droo. Nikamwachia nikatoa bisibisi mfukoni. Nikaichomeka kandoni mwa droo, nikasukuma hata nikachubua mbao vibaya. Droo ikatoka na kipande cha kabati.

Tulipokuwa dirishani paa la upande wa nyuma likaporomoka, vumbi likatusukuma nje. Kule bondeni wingu la kijivu la majivu ya moto lilikuwa linashuka bila kelele, na ule ukimya ndio ulionitisha. Nikawasha lori. Vifuta kioo vilikwaruza majivu, sioni mbele zaidi ya hatua tano. Verlene aliikumbatia ile droo mapajani, akiinuka kidogo kila tulipokaribia shimo ili isitikisike.

"Kushoto," alisema. "Kushoto tena. Pale palikuwa na duka la Bi Sweeney."

Tulipofika kwenye kizuizi yule polisi alitazama ndani ya droo, akatutazama sisi.

"Fukusi?" akauliza. "Mke wangu huwatupa hao pamoja na unga."

Verlene akacheka mpaka akalia.

Tuliishi kanisani huko kaskazini mwa kisiwa, familia kumi na moja, na bati lilivuja. Kwa wiki tatu alihamisha droo kutoka kona hadi kona, akikagua kwa kioo cha kukuzia. Siku moja alikuta ukungu mweupe kwenye mguu wa yule mweusi. Aliufuta kwa brashi, kisha akaomba karatasi na kalamu, akawaandikia wale wa makumbusho ya ng'ambo. Jibu lao lilipofika, akaanza kumfungasha.

"Kwa hiyo nilikaribia kufa ili wao wampate?" nikamwuliza.

"Ulikaribia kufa ili asioze, Dolphus."

"Atarudi?"

"Nimeandika kwamba ni wa kuazima." Alikata pamba taratibu, akaizungushia pini. "Wameahidi. Sijui."

Nilimpeleka yule fukusi bandarini mimi mwenyewe, nikaendesha polepole kuliko siku zote.