Meza ya Saini

Watu wakisikia soka la ndani wanadhani ni mchezo wa joto, kisa una paa. Waje wasimame golini kwangu. Ukumbi wetu hapa Milwaukee ni wa watu wa hoki ya barafuni, na barafu yao haiyeyushwi kwa ajili ya watu kama sisi. Inafunikwa mbao, juu ya mbao linatandikwa zulia la plastiki, halafu mnaambiwa chezeni. Ikifika robo ya tatu vidole vyangu vya miguu vimekufa ganzi, na mpira bado unagonga ukuta na kurudi, unagonga na kurudi, maana kwetu hautoki nje. Huwezi hata kuomba dakika ya kupumua.

Msimu huu tulifungwa na kila aliyetaka kutufunga. Tulifungwa Baltimore, tukafungwa Kansas City, tukarudi nyumbani tukafungwa mbele ya watu wetu wenyewe, wameshika bia zao na jibini ya kukaanga. Mwanzoni iliuma. Kufikia Januari hakuna aliyekuwa anatupa hata chupa ukutani. Kocha Ilija, Mserbia kama marehemu baba yangu, alifoka mpaka sauti ikamkauka, lakini sikio la kufa halisikii dawa. Tulivaa, tukacheza, tukaoga, tukaenda zetu.

Ganzi yetu sisi, hata hivyo, ilikuwa utani mbele ya ile ya Wes Kaczmarek. Wes ni beki, amecheza mbele yangu miaka mingi kiasi kwamba namtambua kwa kisogo. Septemba alimzika mkewe, Renata. Oktoba alikuja mazoezini na begi lake kama kawaida, na watu wakasema, mwanaume jasiri yule. Jasiri gani! Mwili ndio uliokuja. Mchana alikuwa akizunguka kutengeneza mitambo ya kupasha joto nyumba za watu, jioni anakuja kusimama juu ya barafu. Ukimpa pole anasema sawa. Ukimwambia amemwachia mtu nafasi anasema sawa.

Walikuwa na binti mmoja, Lottie, wa miaka kumi. Baada ya mazishi alichukuliwa na bibi yake mzaa mama, Bi Dolores, kule Sheboygan. Si mbali, saa moja tu kwa gari, ila kwa Wes ilikuwa kama ng'ambo. Ijumaa moja mimi, Wes na Bi Dolores tulikuwa mezani mgahawani, samaki na viazi mbele yetu, Bi Dolores akasema bila kuzunguka: "Msimu ukiisha, mtoto mwenyewe ataniambia anataka kukaa wapi. Mimi simshiki wala simsukumi."

Wes akaendelea kukata samaki wake. Mama wa watu alipokwenda kuchukua koti, nikamgeukia.

"Umesikia alichosema?"

"Nimesikia."

"Sasa wewe mwanao unamtaka au humtaka?"

"Namtaka, Duško." Alisema hivyo kama mtu anayetaja saizi ya viatu vyake.

"Basi onekana, bwana! Asiyekuwepo na lake halipo."

"Kila Jumapili nampigia."

Simu zenyewe nilishazisikia, kwenye basi la timu. Umekula? Vizuri. Shule? Vizuri. Haya, msalimie bibi. Nilitamani nimnyang'anye simu nizungumze na mtoto mwenyewe. Hata mbwa wa jirani huwa namsemesha zaidi ya vile.

Februari alipewa kadi ya bluu kwa kumbana mtu ukutani, akaenda kukaa kwenye kibanda cha adhabu dakika mbili. Dakika zikaisha, mlinzi wa kibanda akamfungulia mlango. Wes akabaki amekaa. Mikono juu ya magoti, macho kwenye kioo.

"Toka, mzee! Umesamehewa!" Ilija akapiga kelele kutoka benchi. "Au tukuletee na kahawa?"

Watu wakacheka. Mimi nilikuwa golini, mbele yangu mchezaji mmoja pungufu wakati hakuna tena aliyefungiwa, nikafungwa bao la kijinga. Alipotoka hatimaye nilimtukania mpaka ukoo. Akaniangalia akasema, "Kulikuwa kumetulia mle." Hasira ikanitoka yote.

Mechi ya mwisho ilikuwa hapa nyumbani. Bi Dolores alinipigia asubuhi: watakuja wote wawili, na mtoto ameshaamua, ila hataki kumwambia mtu mpaka amwone baba yake. Nikamweleza Wes kwenye chumba cha kubadilishia nguo. Akavaa soksi ya kwanza, akavaa ya pili. "Basi nitamwona," akasema.

Tukafungwa. Sina haja ya kusimulia.

Sasa, kwenye ligi yetu kuna jambo ambalo wale mabwana wakubwa wa viwanja vya nje hawalijui. Mechi ikiisha, ushinde ushindwe, mlango wa ukutani unafunguliwa, meza zinapangwa juu ya zulia, na watu wanashuka kupata saini. Timu nzima inakaa, jezi zimelowa, mifuko ya barafu magotini. Ukikaa hapo miaka kadhaa huangalii tena sura. Karatasi inasukumwa mbele yako, unauliza jina, maana siku hizi kila mzazi na herufi zake, unaandika, unaisukuma, unavuta nyingine. Hata mimi nimeshawahi kumsainia mtu skafu ya wapinzani.

Nilikuwa nimekaa kando ya Wes nilipomwona Lottie. Alikuwa kwenye foleni kama mtoto wa mtu yeyote, koti la bluu, nyuma ya familia yenye watoto mapacha. Bibi yake alisimama pembeni kidogo. Nikataka kumgonga Wes kiwiko. Mtoto akaniona, akaweka kidole mdomoni, akatabasamu. Anataka kumshtua baba yake, nikajisemea, mwache afurahi. Nikanyamaza, na mimi nikaanza kutabasamu kama mjinga.

Mapacha wakapata saini zao, wakaondoka. Lottie akasogea, akaweka picha ya timu mezani.

Wes hakuinua kichwa. "Jina lako nani, mrembo?"

Lile tabasamu lilikuwa bado usoni mwa mtoto, ila halikuwa na kazi tena.

"Lottie," akasema.

"Kwa i na e mwishoni?"

"Ndiyo."

Akaandika. *Kwa Lottie, ahsante kwa kuja.* Akaweka jina lake na namba ya jezi, akaisukuma picha, na mkono wake ukaenda mbele kupokea nyingine.

Nilikuwa nimekauka kitini. Mtoto akasoma alichoandikiwa, taratibu, mpaka mwisho. Kisha akazunguka meza, akapita katikati ya mabegi na chupa za maji, akasimama ubavuni mwa kiti na kumshika baba yake sikio, vile mtu anavyomshika mtoto mdogo.

"Baba. Ni mimi."

Wes akageuka, akamtazama. Akaitazama ile picha mkononi mwa binti yake. Nikaona kalamu ikimdondoka, halafu ikatoka sauti ambayo sikuwahi kuisikia kwake, hata makaburini. Alilia kama mtu aliyepondwa mguu, mdomo wazi, mbele ya foleni nzima. Wazazi wakawavuta watoto wao nyuma. Ilija akavua kofia. Mimi nilikuwa nalia pia, na sioni haya.

Lottie hakulia. Alimshika baba yake kichwa, akakibana kwenye koti lake la bluu, akamtafuta bibi yake kwa macho.

"Bibi," akasema, "nilikuwa nimeamua kubaki kwako."

"Najua, mwanangu."

"Nisamehe. Nitaenda naye nyumbani. Huyu hawezi kukaa peke yake."