Duara Lenye Wino

Niliona mimi kwanza. Nilikuwa nampa baba uji, akainua macho kupokea bakuli, na weupe wa macho yake ulikuwa na rangi ya samli. Sikumwambia mtu. Tumbo lake likaanza kujaa, na kabla ya kuvuna maharage tulimzika hapa kijijini Baray, karibu na kaka zake wawili waliokufa kwa tumbo kama hilo.

Watu wakasema ugonjwa ule uko katika damu ya ukoo wetu. Habari zikamfikia daktari mmoja aliyekuwa akichunguza mambo hayo. Mwaka 1984 akaja, akatutoa damu sote, kisha akatandika karatasi kubwa mezani. Mimi niliacha shule darasa la tano, lakini mwandiko wangu ulisomeka, basi nikamwandikia majina. Mwanamume alikuwa mraba, mwanamke duara, na mistari iliunganisha wazazi na watoto. Baba mdogo Felisiani aliitazama karatasi akauliza kwa nini yeye amefanywa dirisha. Hata daktari alicheka.

Aliporudi na majibu alituita mmoja mmoja nyuma ya ghala. Karatasi ilikuwa mapajani mwake. Wagonjwa walikuwa wamejazwa wino mweusi. Kati yetu tulio hai, lilijazwa duara langu tu.

Aliniambia ni homa ya ini. Kirusi chake kilituingia karibu sote, pengine kwa wembe mmoja tulionyolewa tangu utotoni. Miili ya wenzangu ilikifukuza, wangu ukakaa nacho. Nikamuuliza kwa nini, na mimi na ndugu zangu ni watoto wa baba mmoja na mama mmoja. Akasema hata yeye bado anatafuta. Anayekipata akiwa mchanga hubaki nacho mara nyingi zaidi. Lakini huenda pia kuna kitu tunachorithi, na ndugu wa tumbo moja hawarithi sawasawa. Ni kama dada yangu Lusia alivyochukua urefu wa baba, mimi sikuuchukua. Ndiyo maana daktari alichora ukoo mzima. Akanionya damu yangu isimguse mtu.

Lusia alikuwa akinisubiri mlangoni. Yeye alikuwa mzima, na kina Tluway, jamaa za mchumba wake, walikuwa wakingoja majibu ya nyumba yetu ndipo walete posa.

"Basi na wewe umepona," akaniambia. "Sisi damu moja."

Niliinamisha kichwa, naye akadhani nimekubali. Aliolewa mwaka uleule.

Mwaka wa pili bibi alifariki. Nyumbani kwetu wafiwa wote hunyolewa kichwa, na wembe wa msiba ni mmoja. Anaanza mkubwa, anamaliza mdogo kabisa, na anayeleta wembe wake huhesabiwa kuwa amejitenga na marehemu. Shangazi ndiye aliyenyoa, na mkono wake ulikuwa umeanza kutetemeka. Alikuwa amekwisha kumkata baba mdogo karibu na sikio. Lusia alipomaliza kunyolewa ikawa zamu yangu. Aliyebaki nyuma yangu alikuwa mwanawe, Josephati, wa miezi minne.

Niliomba ninyolewe mwisho.

"Umekuwa mdogo kuliko anayenyonya?" shangazi akasema. "Kaa hapa, mama. Maji yanapoa."

Watu wakacheka kidogo. Walinijua kwa aibu yangu. Nikasema tena, kwa sauti ndogo zaidi, atangulie mtoto. Shangazi akanishika bega akanikalisha kwenye kigoda, akaanza kunilowesha nywele. Lusia naye alikuwa akitabasamu, akimvua mtoto kofia ili awe tayari.

Nilimwona Josephati utosi wake ukidunda. Nikaushika mkono wa shangazi wenye wembe, nikaushusha taratibu mpaka magotini kwangu. Kisha nikamtazama dada yangu.

"Lusia, siku ile sikukujibu. Damu ni moja, lakini mwili wangu haukuufukuza ugonjwa wa baba. Ninao. Wembe ukitoka kwangu usimguse mtoto."