Chumba cha Fungate

Aliyewashonea magauni maharusi wa nusu ya mji hatimaye alishona la kwake, na likamtoa jasho kuliko yote. Mteja msumbufu, alisema, ni yule unayemwona kwenye kioo. Alikuwa mjane, fundi cherehani, na mchumba wake alikuwa fundi redio wa duka la jirani, mwanamume aliyekuja kuazima mkasi, akaurudisha, akaja kuuazima tena, hadi mtaa mzima ukajua kwamba shida yake si mkasi.

Walitaka harusi ndogo, wakaipata. Walikwenda wao wawili, dada wa bwana harusi na msajili wa ndoa, kwenye nyumba ya wageni ya zamani huko mashambani. Kuta zake zilikuwa za mawe manene, ngazi za mbao zililalamika kila zilipokanyagwa, na milango ilikuwa mifupi. Fundi redio alidai ilijengwa enzi ambazo watu walikuwa bado hawajagundua urefu, kisha akajigonga kichwa. Mtandao wa simu haukufika huko. Ndiyo maana wakapachagua, wale fungate yao kwa raha zao.

Kwenye ukumbi waliacha kiti kimoja kitupu, na juu yake mfuko wenye gauni la bluu. Gauni hilo lilikuwa la binti wa bibi harusi, mwanawe wa pekee, muuguzi.

"Mama, koti la baba bado linaning'inia mlangoni, na wewe unaolewa?" binti alikuwa amesema kwenye simu. "Nikija, siku hiyo wakiuliza nani ana pingamizi, nitanyosha mkono."

Simu ikakatwa. Wengine wakiumia hulia. Mama huyu akiumia hukata kitambaa. Alimshonea gauni kwa kukisia kimo, na moyoni alijua kwamba asipomwona mwanawe siku hiyo, furaha yake ingekuwa nusu. Uchungu wa mwana aujuaye ni mzazi.

"Wifi yangu, tulia," dada wa bwana harusi alimwambia. "Geti lile lina kutu. Akiingia tutalisikia hata tukiwa tumelala."

Basi akakaa masikio wazi. Chai ikapoa, msajili akakohoa, akatazama saa, akakohoa tena. Geti likakaa kimya.

"Tuendelee tu," bibi harusi alisema mwishowe, akajikaza.

Msajili alipouliza kama kuna mwenye pingamizi, bibi harusi aligeuka kutazama mlango. Laiti angepingwa, angefurahi. Hakuna aliyejibu. Wakaweka sahihi, wifi akapiga vigelegele peke yake kwa kelele ya watu kumi, wakakaa mezani.

Hapo ndipo mzee wa geti alipoingia kufuata chakula chake, amejaa fahari.

"Kazi yenu nimeifanya, wanangu. Nimefunga geti kwa kufuli. Hajapita hata kuku."

"Nani alikwambia ufunge geti?" fundi redio aliuliza.

"Si huyu mama?" mzee alisema, akimwonyesha wifi. "Juzi alipiga simu ile ya waya ya ofisini, ikawa inakoroma. Nikamuuliza mnataka nini, akapiga kelele: funga geti! Nikamuuliza tena. Funga geti! Nikasema hawa hawataki kusumbuliwa, na umri wenyewe huo."

Wifi aliweka kijiko chini. "Fungate, mzee wangu. Nilisema tunataka chumba cha fungate."

"Aa," mzee alisema. Akafikiri kidogo. "Basi yule dada mwenye begi ndiyo maana alibishana nami sana."

Bibi harusi alishika pindo la gauni na kukimbia, kiatu kimoja kikabaki chini ya meza. Mzee akamfuata na ufunguo, naye hakuwa mtu wa mbio.

Binti alikuwa nje ya geti, amekalia begi lake, vumbi hadi kwenye nyusi.

"Nilijua umekasirika, mama," alisema kupitia vyuma. "Lakini hadi kufuli?"

"Mbona hukuondoka?"

"Niondoke niende wapi? Mama yangu si yuko humu?"

Mama akapitisha mikono kwenye nondo na kumshika mwanawe mashavu, wakalia wote wawili huku mzee akihangaika na kufuli.

Ndani, msajili alikuwa anafunga mkoba wake.

"Tuoze tena," bibi harusi alimwambia.

"Mama, kisheria mmeshaoana."

"Basi sasa tuoze bila sheria. Mwanangu hakuwepo."

Msajili alitazama sahani ambayo hakuwa ameimaliza, akaona hana haraka. Binti akavaa gauni la bluu. Lilimbana kwapani. Mama akasema kosa si la fundi, ni la mvaaji aliyenenepa bila kutoa taarifa.

Msajili akasoma upya, akafika pale pale. "Kuna mwenye pingamizi?"

Binti akanyosha mkono.

Fundi redio alisimama kama aliyepigwa shoti. Katika ukimya ule mshono wa kwapa ukafumuka, prrr, ukasikika hadi jikoni.

"Sina pingamizi," binti alisema taratibu. "Nilimwahidi mama kwamba nitanyosha mkono. Nimekuja kumwonyesha kwamba niko."

Mama alikuwa ameshachomoa sindano kwenye pindo la gauni lake mwenyewe, maana fundi haendi popote bila sindano, hata kuolewa. Akainama kwapani kwa mwanawe na kuanza kushona pale pale waliposimama.

"Bibi harusi, bado unamkubali huyu bwana?" msajili aliuliza.

Hakuweza kujibu, alikuwa na uzi mdomoni. Akaitikia kwa kichwa, huku mkono mmoja umemshikilia binti asicheke, asije akachomwa.