Madam Aliyemimina Chai

Katika soko zima la dhahabu la Riyadh, ni mimi peke yangu niliyeuona uso wa mwizi. Kamera ziliona baibui jeusi likiingia na baibui jeusi likitoka. Walinzi wa kiume waligeukia ukutani kwa adabu. Mimi, Truphena, mpekuzi wa lango la wanawake, ndiye niliyemfungulia pazia, akafunua nikabu. Alikuwa mama wa makamo mwenye mwanya. Alinisalimu kwa Kiarabu laini, akaniuliza kama nimekula.

Kwa miezi minane hakuna mteja aliyeniuliza hivyo. Nikampapasa kwa mikono iliyojaa shukrani. Bangili sita za dhahabu zikapita mbele yangu mkononi mwake, na huko dukani zikabaki sita za shaba.

Kafili wangu, mwajiri aliyenileta nchini, hakufoka. Alisema tu kwamba mwizi asipopatikana kufikia Alhamisi, nitapandishwa ndege ya Nairobi na barua inayosema nilishirikiana naye. Mimi, niliyesomea mambo ya uhalifu chuoni miaka mitatu, niliyemwambia mamangu naenda kuwa askari wa kweli!

Bahati ni kwamba bangili za shaba zilianza kuonekana badala ya za dhahabu madukani Balad, kule Jeddah. Polisi wa Jeddah wakayataka macho yangu, na Jumamosi kepteni wao, Marwan, akamtuma Nunu aje ayachukue.

Nunu alikuwa mpekuzi wa polisi, mjukuu wa watu wa Unguja waliohamia Jeddah baada ya mapinduzi. Alinikuta kwenye bweni letu Al-Shumaisi, pale Riyadh, nimekalia begi langu.

"Ndo we?" akasema. "Mbona kadogo hivi? N'likuja kuchukua mshukiwa."

"Mshukiwa ametoka kidogo, afande. Nimwachie ujumbe?"

Alicheka mpaka akainua nikabu kufuta machozi, nami nikamwona. Kuanzia hapo kazi yangu ikaharibika.

Mpango wake ulikuwa rahisi. Yeye angekuwa madam tajiri asiyejua anataka mkufu gani, mimi ningekuwa hadama wake, mtumishi wa nyumbani. Tungeketi kwenye kona ya pazia, ndani ya duka la dhahabu kule Balad, ambako wanawake hufunua nyuso kujaribu vito. Hakuna anayemtazama hadama. Ningeweza kumkodolea macho kila mteja bila kuonekana mtovu wa adabu.

Kulikuwa na jambo lililonichekesha kila siku. Nchi ile ilikuwa imejenga kuta, milango na mapazia kumtenga mwanamke na mwanamume, na hakuna aliyekumbuka kuweka hata uzi kati yangu na Nunu. Tuliketi goti kwa goti tangu asubuhi. Mleta chai alikohoa mara tatu kabla ya kusogea, asije akatusumbua.

"Hadama, nshikie mkoba," Nunu aliniamuru Jumatatu asubuhi.

"Sawa madam. Nikubebe na wewe?"

"Utaniweza?"

"Madam, kule kwetu nilibeba maji mlimani. Maji hayakuwahi kunikonyeza lakini."

"Shika adabu, bibi we," akasema, na goti lake halikuondoka.

Tulinong'ona Kiswahili tu, kwa raha ya watu walio na lugha yao peke yao.

Asubuhi ile ile mwenye mwanya akaja. Alifunua uso hatua mbili kutoka nilipo, akajaribu mkufu, akanitazama. Nunu akaniuliza kwa nyusi. Nilijua kwamba nikisema ndiyo, jina langu litasafishwa, na jioni ile ile nitarudishwa Riyadh, karibu kilomita elfu moja kutoka kwenye goti lile.

"Mafi," nikasema. Siye.

Aliondoka bila kuchukua kitu. Nilikuwa nimejiapiza kuwa askari asiyesema uongo, nikaanza na uongo wa neno moja. Nilitamani kulirudisha, lakini ningelirudisha vipi bila Nunu kujua nilimdanganya?

Jumatano alasiri, siku moja kabla ya ndege yangu, mwenye mwanya akarudi. Kabla hajaketi ikaadhiniwa. Mwenye duka akateremsha shata, akatandika mswala nyuma ya kaunta na kuanza kuswali. Sisi watatu tukabaki nyuma ya pazia, hakuna pa kutokea.

Nunu akamimina chai. Kwa mazoea yetu, kikombe cha kwanza akanipa mimi, akakipuliza kwanza.

"Haya," mama yule akanong'ona kwa Kiswahili safi, "madam gani huyu anayempoza hadama wake chai?"

Nikakiweka kikombe chini.

"Nimezaliwa Hindawiyah, hapa hapa Jeddah, wanangu. Unguja nzima iko pale. Jumatatu nilikuwa nje ya pazia, nimeyasikia yote, hata maji ya mlimani." Akanigeukia. "We ulinitambua ukanyamaza. Nikadhani umenihurumia, ndo maana nikarudi. Kumbe hukutaka kuachana na bibi huyu! Sasa tusikilizane. Shata likipanda, mie natoka. Mkinizuia, kepteni wenu ataambiwa magoti yenu yalikuwa wapi."

Sikuwahi kumwona Nunu akiogopa. Sasa uso wake ulikuwa kama majivu, na nilijua sababu. Kwa jambo kama lile, pale mtu hapotezi kazi tu. Nyuma ya kaunta mwenye duka alikuwa amesujudu.

"Nunu," nikasema, "ndiye. Alikuwa ndiye tangu Jumatatu. Nilikudanganya kwa sababu sikutaka kurudi Riyadh." Kisha nikamshika mama yule mkono, kama pale langoni, safari hii bila shukrani. Kuanzia kifundo hadi kiwiko nilihesabu bangili nne za watu. "Na wewe mama, mwambie kepteni. Mwambie ukiwa na hizi mkononi kwamba afande alipuliza chai. Tuone ataandika lipi."

Mama akanitazama, akamtazama Nunu, akashusha pumzi. "Mwizi lazima ajaribu," akasema, akanyoosha na mkono wa pili.

Nunu hakumtazama. "Siku mbili!" akaninong'oneza. "Siku mbili umenikalisha juu ya kiti hiki kigumu?"

"Ulisema unakipenda."

"N'lisema nampenda aliye karibu nacho, mjinga we!"

"Subhanallah," mama akasema, "nifungeni haraka niondoke."

Ndege ya Alhamisi iliondoka bila mimi. Mfungwa wa kike hasafirishwi na wanaume peke yao; lazima wapekuzi wawili wa kike waandamane naye. Kepteni Marwan alikuwa na mmoja tu, kwa hiyo wa pili nikawa mimi, na mahakama ya Riyadh iliwataka mwizi, shahidi na afisa aliyemkamata, wote watatu, kwa kila siku ya kesi. Na kesi za Riyadh huahirishwa sana. Nunu aliisoma amri ile kwa uso mkavu kabisa, akaikunja, akaitia kifuani.

Kwa hiyo Ijumaa asubuhi tulikuwa njiani, dereva nyuma ya kioo kilichotiwa giza, na sisi watatu kwenye kiti cha nyuma, mfungwa katikati.

"Nihamie dirishani?" akauliza baada ya Taif. "Naona naziba njia."

"Kanuni inasema mfungwa akae katikati," Nunu akajibu.

"Kanuni inakataza mfungwa kulala?"

Nunu akafikiri. "Hapana. Hiyo haimo."

Mama akainamia mbele, akaegemeza kichwa kwenye kiti cha dereva, akaanza kukoroma ovyo, kwa sauti ambayo hata mtoto asingeiamini. Nyuma ya mgongo wake mkono wa Nunu ukaja kutafuta wangu, na Riyadh ilikuwa bado mbali sana.